Kwenda Kisii kwa Ndege: Je, Haraka Ina Faida?



Katika majuma ya karibuni nimeulizwa swali moja na watu wengi, na waulizaji wengi ni akina mama wenye safari za kwenda kwa wakwe, kwa wagonjwa na kwenye arusi za jamaa: “Sheikh, siku hizi ndege hazina tegemeo. Leo imecheleweshwa, kesho imefutwa. Je, yafaa kutoa fedha zote hizo na kupata taabu ile, au tubaki na mabasi na treni yetu?”

Swali hili sikutaka kulijibu kwa neno moja, kwa kuwa jawabu langu nililipata njiani, na nililipata kwa gharama. Naomba niwasimulie safari ya Kisii.

Nilikuwa na rafiki wa tangu ujana. Tulisoma pamoja Lamu mwishoni mwa miaka ya themanini, yeye akiwa ametoka Kisii, mimi nikiwa mtoto wa pwani. Alikuja na sweta ya sufu katika lile joto la Lamu, nasi tukamcheka kwa muda wa mwezi mzima. Asili yake ni Wanubi wa mji wa Kisii, ambao wazee wao walifika huko mwanzoni mwa karne iliyopita wakiwa askari wa jeshi la Waingereza, wakabaki, wakajenga mtaa na kuadhini. Alipomaliza kusoma alirudi kwao akafungua madrasa ndogo, akafundisha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila alipokuja Mombasa alituletea majani ya chai na ndizi za kupika, na kila alipoaga alisema maneno yale yale: “Sheikh, njoo kwetu uione mvua inayonyesha kwa saa yake.” Nami nikamjibu kila mara: “Inshallah, nikipata nauli ya ndege. Njia ya basi ni ndefu mno.”

Usiku mmoja, baada ya Isha, simu ililia. Alikuwa mwanawe mkubwa. Rafiki yangu ametangulia mbele ya haki. Inna lillahi wainna ilayhi raajiuun. Maziko yatakuwa kesho baada ya swala ya Alasiri.

Mabasi ya jioni yalikuwa yamekwisha kuondoka. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480, na kutoka Nairobi hadi Kisii ni nyingine zaidi ya 300. Kwa njia ya nchi kavu nisingewahi. Kiwanja kidogo kipo Suneka, karibu na mji wa Kisii katika njia ya Migori, lakini hakuna ndege ya kumtoa abiria Mombasa na kumshusha pale. Njia iliyobaki ilikuwa kuruka hadi Nairobi, kisha Kisumu, kisha kushika gari kupitia Ahero, Sondu na Oyugis. Mwanangu alitukatia tiketi mbili, yangu na ya mamake, kwa bei ambayo sikuthubutu kuiuliza mara ya pili.

Hesabu ilikuwa njema. Ndege ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi. Ya pili saa tatu na nusu. Kisumu tungefika kabla ya saa tano, na Kisii kabla ya saa nane mchana. Alasiri ingetukuta tumekwisha kutawadha.

Tulifika kiwanjani kabla ya Alfajiri, tukaswali pale. Saa kumi na mbili ikapita. Tukaambiwa ndege imepata hitilafu na itaondoka saa mbili. Saa mbili tukaambiwa saa nne. Mbele yetu alikaa binti mwenye mtoto wa miezi michache, maziwa ya chupa yamemwishia, naye anaona haya kumnyonyesha mbele za watu. Mke wangu akavua mtandio wake wa juu, akamfanyia pazia. Tulikuwa na tende katika mfuko, tukagawana safu nzima. Hakuna aliyekuja kutueleza jambo. Lililokuwa zito kwetu halikuwa kungoja. Zito lilikuwa kutojua tutangoja mpaka lini.

Tuliposhuka Nairobi ndege ya Kisumu ilikuwa imekwisha kuruka. Ya pili ikatajwa kuwa ni saa tisa. Nikafanya hesabu upya: maziko yalikuwa yameponyoka. Baada ya Adhuhuri mwanawe marehemu akanipigia.

“Baba, mmefika wapi?”

“Bado tuko Nairobi, mwanangu.”

Akanyamaza, kisha akasema kwa upole: “Mzee alikuwa akikutaja sana. Watu wako tayari kungoja. Tukimweka mpaka usiku, au mpaka kesho asubuhi, hakuna atakayelaumu.”

Ndugu zangu, mimi ni mtu ambaye watu humwendea kuuliza hukumu, na mara hii hukumu ilikuwa juu ya nafsi yangu. Nilitamani kusema, “Ningojeni.” Ulimi ulikuwa umekwisha kulishika neno lile. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuharakisha jeneza: akiwa ni mtu mwema, basi ni kheri mnayomsogezea. Je, nimzuie rafiki yangu asiifikie kheri yake kwa sababu ya ndege yangu? Nikamwambia: “Mzikeni Alasiri kama mlivyopanga. Msinisubiri.” Kisha nikakizima kisimu na kukaa. Mke wangu hakusema neno. Alinishika mkono tu.

Ndege ya saa tisa iliondoka saa kumi na moja. Wakati wa Alasiri, saa ambayo watu wa Kisii walikuwa wakimwombea, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha chuma nikitazama ubao wenye maandishi mekundu. Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria, tulitua baada ya Magharibi. Mashamba ya mpunga ya Ahero tuliyapita gizani. Baada ya Sondu barabara ilianza kupanda, hewa ikapoa, na Oyugis mvua ikatupokea. Tuliingia Kisii karibu saa nne za usiku.

Usiku ule tulilazwa katika chumba kidogo cha pembeni, kisafi, chenye kitanda kimoja, mswala, na blanketi zito jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Mji ule uko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na mtu wa Mombasa usiku wa Kisii humfanya adhani amehamishwa nchi. Tulijifunika tukalala.

Asubuhi baada ya Alfajiri wanawe walinipeleka kaburini. Udongo wa Kisii ni mwekundu na mzito, na mvua ya usiku ilikuwa imeushindilia kana kwamba kaburi lile lina mwaka. Niliswali swala ya jeneza pale pale. Jambo hilo lina msingi wake, kwani Mtume (S.A.W.) aliswali juu ya kaburi la yule mtu aliyekuwa akiufagia msikiti, pale alipopata habari ya kifo chake baada ya kuzikwa. Kwa hiyo sikuikosa swala. Nilichokikosa ni uso wake.

Tuliporudi, mke wangu alikuwa ametoka kukaa na mjane, ambaye tayari yumo edani. Aliniita kando akaniuliza: “Unalijua lile blanketi la jana?” Nikasema silijui. Akanambia: “Mwenyewe amenieleza. Marehemu alilinunua miaka saba iliyopita, uliposema utakuja baada ya Ramadhani. Aliliweka kabatini ndani ya mfuko wake, na kila mtoto aliyetaka kulitumia aliambiwa: hilo ni la Sheikh wa pwani, huko kwao hakuna baridi, akija asije akateseka. Jana ndiyo mara ya kwanza kufunguliwa.”

Sikuwa na la kusema. Nilikwenda kukaa barazani, na adhuhuri ilipopita mawingu yakakusanyika juu ya vilima, mvua ikashuka kwa saa yake, kama alivyoniahidi.

Tulikaa siku tatu, na nikaiona nchi aliyoniitia. Kisii ni mji uliojikunyata baina ya vilima, na vilima vyenyewe vimelimwa mpaka vichwani: migomba, chai, mahindi na mboga, kila familia na ukanda wake mwembamba wa shamba unaoteremka hadi kwenye kijito. Soko la Daraja Mbili lina ndizi ambazo macho ya mtu wa pwani hayajazoea kuziona kwa wingi ule. Wenyeji ni Wagusii, na wengi wao ni Wakristo, nao walikuja matangani kwa makundi. Mama mmoja jirani, mwenye duka la nguo, alinambia kwamba marehemu alimfundisha mwanawe hesabu bila ya kumtoza shilingi. Tulipikiwa ugali wa wimbi na mboga chungu ya chinsaga, ambayo kwetu huitwa mgagani, na mke wangu akaomba mbegu zake.

Kijana wake alinipeleka pia Manga, upande wa Nyamira, kwenye ule ukingo mrefu wa miamba ambao nchi hukatika ghafla chini yake na jicho likaenda mbali kuelekea ziwani. “Hapa,” akasema, “Mzee alikuwa akisema atakuleta wewe.” Akanieleza habari za Tabaka, kunakochimbwa lile jiwe laini ambalo hufanywa sahani na mabakuli, yale tuyaonayo yakiuzwa kila siku karibu na Fort Jesus. Miaka yote nimeyapita mawe ya Kisii nikienda msikitini, wala sikufikiri kwamba yamekuja kwa gari, kwa njia ile ile niliyosema ni ndefu mno.

Sasa turudi kwenye swali la mama zetu. Je, ndege ina faida?

Kwanza tuseme kweli, kwamba kukatizwa kwa safari za anga si jambo la bahati mbaya ya mtu mmoja. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza jengo la abiria wanaowasili katika uwanja wa Jomo Kenyatta. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalisimamisha ndege za ndani mpaka tarehe 15 Julai na za nje mpaka tarehe 1 Agosti. Tarehe 5 Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, na maelfu ya watu wakakwama. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma kupinga mpango wa kukodishwa uwanja wa Jomo Kenyatta kwa kampuni ya Adani ya India. Na tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa sababu ya vita vya jirani zake, jambo ambalo familia zetu zenye vijana wanaofanya kazi Ghuba hazihitaji kuelezwa. Moto, maradhi, mgomo na vita: hakuna hata kimoja ambacho abiria anaweza kukizuia kwa kuwahi kiwanjani.

Pili, tusiisifu barabara kupita kiasi. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori liliacha njia na kuua watu zaidi ya hamsini, na wengi wao walikuwa wakingoja magari au wakiuza bidhaa zao tu. Aliyepanda ndege akachelewa saa kumi, kisha akafika salama, ana la kumshukuru Mola wake. Ndege hutuchosha, lakini kwa usalama imeishinda barabara kwa mbali.

Tatu, tufanye hesabu ya mlango hadi mlango, si ya hewani pekee. Mtu husema, “Mombasa na Nairobi ni saa moja.” Saa moja ni ya angani. Ongeza kuondoka nyumbani usiku, kungoja, kubadilisha ndege, na barabara ya Kisumu hadi Kisii ya zaidi ya kilomita 100. Hata siku ambayo mambo yote yamekwenda sawa, safari yetu ingechukua saa kumi. Sisi tulirudi kwa nchi kavu. Tulipanda basi baada ya Alfajiri, tukapita Keroka, mahali kaunti za Kisii na Nyamira zinapopakana, tukapita mashamba ya chai ya Sotik, Bomet na tambarare za Narok, tukakwama katika foleni ya Mai Mahiu, tukafika Nairobi mchana, na usiku tukapanda treni ya saa nne. Alfajiri tulikuwa nyumbani. Ilikuwa karibu siku nzima, lakini nauli yote ya watu wawili haikufika nusu ya ile ya kwendea.

Kwa hiyo naona hivi. Ikiwa safari ina jambo lisilongoja, kama mgonjwa mahututi, mazazi yenye shida au jeneza, na fedha zipo bila ya kukopa, basi ndege inafaa, pamoja na taabu zake. Mimi nikipigiwa simu ile tena leo, nitaipanda tena. Ikiwa ni mzee asiyeweza kukaa kitako siku nzima, au mama aliyetoka uzazini karibuni, pia inafaa, na bora awe na ndege moja tu ya kupanda, kwani kila unapobadilisha ndege unaongeza mlango wa kukwama. Lakini ikiwa ni ziara ya jamaa, arusi au mapumziko, usiifanye ndege kuwa sharti. Nenda kwa ulichonacho.

Na mwenye kupanda, ajiandae kama anayeweza kulala njiani. Achukue chakula cha mtoto cha siku mbili, dawa zote katika mfuko wa mkononi, na nguo moja ya kubadilisha. Ndege ikifutwa, aulize kwa adabu haki yake ya chakula, malazi au kurudishiwa nauli, na apewe kwa maandishi. Kwa upande wa ibada, mkaazi wa Mombasa asipunguze swala akiwa bado katika kiwanja chetu, kwa kuwa kiwanja kile kimo ndani ya mji na safari yake haijaanza. Akishafika Nairobi ana ruhusa ya kupunguza na kujumuisha Adhuhuri na Alasiri, na asione haya kutandika mswala wake pembeni. Na dua ya msafiri haina kizuizi. Zile saa za kungoja, ambazo wengi wetu huzimaliza kwa kulaumu, ni saa za kuomba.

Mtume (S.A.W.) aliifananisha safari na kipande cha adhabu, kwa kuwa humnyima mtu chakula, kinywaji na usingizi wake, akausia kwamba mtu akimaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Maneno hayo yalisemwa zama za ngamia, na mtu aliyekesha katika kiwanja cha ndege hahitaji tafsiri. Lakini hakutukataza safari. Ametuhimiza kuunga udugu, na udugu hauungwi kwa mtu kukaa kwake akingoja njia iwe fupi.

Hilo ndilo nililorudi nalo kutoka Kisii. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kinachonizuia kumzuru rafiki yangu ni umbali, na kwamba ndege ingenitatulia. Ndege ilipokuja haikuweza kunipa ila haraka, na haraka yenyewe ikaniponyoka. Siku ile nilichelewa saa sita. Lakini nilikuwa nimekwisha kuchelewa miaka saba, na kwa hiyo sina wa kumlaumu kiwanjani.

Basi kila mmoja wetu, kabla ya kuuliza bei ya tiketi, na aandike majina ya watu aliowaahidi kuwazuru: shangazi aliye Garissa, mwalimu aliye Lamu, dada aliyeolewa Kisumu. Atazame ni nani anayeweza kumfikia mwezi huu kwa basi, kwa treni, au hata kwa miguu. Aende wakiwa hai, wakati hakuna linalomkimbiza, ili hata njia ikichelewa, mwenyeji awe bado mlangoni anamngojea.

Allah amrehemu rafiki yangu, ampanulie kaburi lake, awape subira mjane wake na watoto wake, na awahifadhi wasafiri wetu wote angani, baharini na nchi kavu. Amin.